Kurasa Kumi na Moja za Bi Gundi

Bi Gundi hakuamini kitabu kinachorudi kisafi. Mwanafunzi akimletea kitabu kisicho na alama ya kidole, kisicho na ukurasa uliokunjwa pembe wala chembe ya mkate katikati, alikinusa, akakipindua, kisha akamkazia macho aliyekileta.

"Hiki ulikisoma au ulikilalia?"

Walicheka, lakini walijibu. Mwanamke huyu alikuwa na namna ya kumtazama mtu mpaka mtu akajihisi ana kitu cha shule mfukoni.

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye faili la ofisini tu. Kwingine kote alikuwa Bi Gundi, kwa sababu kila Jumatatu alichemsha gundi ya unga kwenye kisufuria nyuma ya jiko la shule, akairudisha maktaba ikiwa bado ya moto, akaanza kutibu wagonjwa wake. Maktaba yenyewe zamani ilikuwa stoo ya mipira, na siku za joto bado ilinuka ngozi. Ilikuwa na rafu nne, meza moja, sindano ya kushonea viatu, uzi uliopakwa nta, na jiwe bapa lililofungwa kitambaa la kukandamizia vitabu vilivyotoka kushonwa. Ukuta uliotenganisha maktaba na darasa la mwisho ulikuwa wa mbao nyembamba. Kwa miaka mingi Bi Gundi alishona huku akisikiliza masomo ya Kiingereza kupitia mbao hizo: majedwali ya vitenzi, koma na nukta, anwani mbili za barua rasmi, sentensi ya kutenda inavyogeuzwa ikawa ya kutendwa. Hakuna aliyemwambia asikilize, na hakuna aliyemkataza.

Jumatatu moja, saa ya mapumziko, mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni mwalimu mpya wa Kiingereza. Alikuwa na miezi miwili tu pale shuleni, lakini wanafunzi walishambandika jina la Darubini kwa ile miwani yake mizito na tabia yake ya kusoma karatasi ikimgusa pua. Alikuwa amekumbatia rundo la insha kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa watu.

"Bi Gundi, nisaidie. Kuna wizi."

"Wa nini tena?"

"Wa maneno." Akaziweka insha mezani. "Watoto ishirini na watatu. Niliwaambia waeleze kitabu cha fundi saa kinavyoisha. Wote wameandika kwamba fundi saa anarudi kwao baada ya miaka kumi na tisa. Anamkuta mama yake anaitia ufunguo saa ya ukutani kila asubuhi, saa iliyokufa tangu siku aliyoondoka. Basi anavua koti, anaomba bisibisi. Mwisho."

Bi Gundi alishika ukingo wa meza.

"Sasa kitabu mimi ninacho." Darubini akachomoa mkobani nakala yake, nzima, yenye jalada lake. "Nilikinunua kabla sijahamia hapa. Fundi saa harudi. Mama hayupo mwishoni. Hakuna saa ya ukutani, hakuna bisibisi hata ya dawa."

"Labda wameelewa vibaya."

"Ishirini na watatu waelewe vibaya kwa sauti moja? Kuna mtu huko nje anawaandikia, wao wanakariri. Nikiwabana, wananiambia wamesoma kwenye kipande cha tano. Haya, nipe hicho kipande cha tano tumalize."

Kipande cha tano kilikuwa hatua mbili nyuma ya mgongo wa Bi Gundi, kwenye rafu ya chini. Na kurasa kumi na moja za mwisho za kipande hicho hazikuandikwa na mwandishi wa kitabu. Aliziandika yeye.

Ilikuwa hivi. Shule ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha fundi saa. Tangu enzi na enzi, ili darasa zima lisome, kitabu kilikatwa vipande vitano, kila safu ya madawati ikapewa kipande, na kila Jumatatu safu zikabadilishana. Safu ya dirishani ilijua fundi saa yuko gerezani kabla ya kujua aliiba nini. Safu ya mlangoni ilimlilia mke wake wakati safu ya katikati haijasikia kama ameoa. Mapumziko yalikuwa soko la kuulizana: "Nyinyi mmefika wapi? Bado hajafa?"

Bi Gundi naye alisoma hapo, akiwa msichana wa kidato cha pili. Safu yake ilisoma vipande vinne. Cha tano kilikuwa kifike Jumatatu. Ijumaa mama yake alianguka uani, upande mmoja wa mwili ukakataa, na Jumatatu ile msichana alikuwa nyumbani anamlisha uji. Hakurudi darasani. Alirudi shuleni miaka sita baadaye akiwa na ufagio, na baadaye tena, kwa kuwa mkono wake ulijua sindano, akapewa maktaba. Siku ya kwanza alikimbilia kipande cha tano. Paa lilikuwa limevuja, kurasa kumi na moja za mwisho zilikuwa uji.

Kwa miaka mingi darasa likasoma bila mwisho, mpaka mwalimu wa zamani, akiwa karibu kustaafu, akamwambia, "Tafuta namna." Akatafuta. Aliandika barua kwa maduka mawili ya vitabu, hakujibiwa. Kwa hiyo wakati wa likizo alikaa kwenye mashine ya chapa ya ofisini, akaandika kwa Kiingereza kile ambacho kichwa chake kilikuwa kimejisimulia miaka yote ile. Alikusudia kiwe kiraka tu, mpaka kurasa za kweli zipatikane. Akazishonea.

"Zimepatikana?" mwalimu wa zamani aliuliza.

"Zimepatikana."

Yule mzee alizisoma palepale akiwa amesimama. Akamtazama kwa muda wa mtu kupuliza chai. "Safi," akasema, akaenda kufundisha. Kama alijua, Bi Gundi hakupata kujua, na jambo hilo lilimtafuna. Kila mwaka wakati wa mitihani alikaa roho mkononi, lakini maswali yaliuliza tabia za wahusika, yakauliza mandhari. Hakuna aliyewahi kuuliza kitabu kinaishaje. Miaka minne ikapita.

Sasa Darubini alisimama mbele yake, mkono umenyooshwa.

"Kipande cha tano kilipotezwa," alisema Bi Gundi. Akajisikia ametumia sentensi ya kutendwa, ile isiyomtaja mtu.

"Kimepotezwa na nani?"

"Ndiyo natafuta."

Darubini alimtazama kuanzia kilemba mpaka ndala, kisha akatupia jicho rafu za nyuma. "Mkuu wa shule ameshasema. Orodha ya watahiniwa inaondoka Ijumaa saa sita mchana. Mdanganyifu hayumo, atasubiri mwaka ujao. Ukikiona hicho kipande, nitafute hata kama niko msalani."

Mlango ulipofungwa, Bi Gundi alikitoa kipande cha tano, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakizika ndani ya debe la unga wa gundi. Akapangusa mikono. Kisha akakumbuka kitu kilichomfanya akae chini: jina la kwanza kwenye lile rundo la insha lilikuwa la binti wa dada yake.

Binti huyo alikaa naye mwaka wa tatu sasa, kwa kuwa dada alifanya kazi mbali. Jioni ile alikuwa anaosha vyombo, amempa mama yake mdogo mgongo.

"Mama mdogo, kipande cha tano nilikirudisha mimi. Alhamisi. Ukakinusa."

"Nanusa vitabu vingi."

"Ukaandika kwenye daftari. Nilikuona."

"Sugua hiyo sufuria, acha kunisugua mimi."

Msichana alisugua. "Leo tumeitwa waongo mbele ya darasa zima. Kuna mmoja ananiambia, 'Mtafutie mama yako mdogo miwani, leo kapoteza kipande, kesho atapoteza rafu.' Nikacheka nao. Sijui nilicheka nini."

"Wapuuze."

"Ijumaa orodha inaondoka bila sisi."

"Najua."

"Nimesoma miaka minne, mama mdogo."

"Nimesema najua!"

Sahani ikawekwa juu ya sahani, polepole mno. Bi Gundi alitazama ule mgongo mwembamba, akajiuliza: huyu anauliza kwa ajili yake, au ametumwa na Darubini aje anichokonoe? Akaona aibu kwa wazo hilo, lakini halikutoka.

Tangu siku hiyo akaanza kuona mambo. Jumanne alilikuta daftari lake la marejesho limegeuka. Yeye siku zote aliliweka mgongo ukielekea dirishani, sasa ulielekea mlangoni. Akalifungua haraka. Mstari wake ulikuwepo kwa mwandiko wake mwenyewe: Kipande cha tano, kimerudi, kina doa la chai. Nani amesoma? Alimshuku Darubini. Akamshuku mkuu wa shule, ambaye asubuhi alimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kiasi. Akamshuku mpishi, kwa kuwa alimwuliza, "Unga wa gundi umebaki mwingi wiki hii?" Swali la kawaida, analiuliza kila wiki, lakini Bi Gundi alilibeba mpaka nyumbani kama jiwe kiatuni.

Jumatano, kupitia ukuta wa mbao, alimsikia Darubini darasani.

"Kila mmoja ataandika barua rasmi kwa mkuu wa shule ajieleze. Kwa Kiingereza. Anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua, hoja, sahihi. Barua rasmi haina machozi. Atakayenililia kwenye karatasi namwondolea alama."

"Mwalimu, na ukweli je?" Sauti ya mvulana wa nyuma.

"Ukweli uwekwe kwenye aya ya pili."

Darasa likacheka, kicheko kifupi, cha watu wasio na raha.

Pale shuleni karatasi zote za ofisi zilishonwa na Bi Gundi. Mkuu hakuamini pini, alisema pini hutoka na karatasi hukimbia. Kwa hiyo Alhamisi mchana barua ishirini na tatu zililetwa maktaba zishonwe faili moja, na mkuu hakukumbuka, au alikumbuka vizuri sana, kwamba anayeshona anasoma.

Bi Gundi alifunga mlango kwa komeo. Akasoma. Kumi na wawili walisema mtunza maktaba anaficha kitu. Mmoja aliandika kwamba kipande kimeuzwa kwa shule jirani. Mwingine alianza na anwani tatu na kusahau kusema lolote. Barua ya binti wa dada yake ilikuwa ya kumi na tisa, fupi kuliko zote, ina anwani zake mbili na koma mahali pake. Ilisema hivi: yeye ndiye wa mwisho kukishika kipande cha tano. Mtunza maktaba ni mtu makini, akisema hakipo, ofisi imwamini. Ikiwa lazima apatikane mwenye kosa, basi jina lake yeye mwandishi liondolewe kwenye orodha, na majina ishirini na mawili yaliyobaki yaachwe. Wako mtiifu.

Hapakuwa na neno moja juu ya daftari la marejesho.

Bi Gundi aliisoma tena, akitafuta machozi. Hayakuwepo. Msichana alikuwa amefuata kila kanuni ya barua rasmi. Aliketi na sindano mkononi mpaka kengele ya kutoka ikalia, hajashona hata tundu moja.

Ijumaa saa tano na nusu aliingia ofisini kwa mkuu, chini ya kucha zake kukiwa na unga. Mkuu alikuwa mezani na ile orodha. Darubini alikaa pembeni. Tarishi alisimama mlangoni ameshika bahasha kubwa tupu, akisubiri. Ukutani saa ilikuwa inagonga taratibu.

Bi Gundi aliweka mfuko wa plastiki mezani. Vumbi jeupe likaruka juu ya orodha.

"Kipande cha tano," alisema. "Sikukipoteza. Nilikificha. Watoto hawakudanganya, walisoma kilichomo. Kurasa kumi na moja za mwisho niliziandika mimi."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kwa kilichofuata.

Darubini alifungua kipande, akakisogeza puani, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Alipofika wa mwisho aliinua uso.

"Umenakili wapi?"

"Si popote."

"Popote wapi?"

"Namaanisha sikunakili."

"Bi Gundi." Darubini alivua miwani, na bila miwani macho yake yalikuwa madogo na ya uchovu. "Faili lako linasema kidato cha pili. Hukumaliza. Kiingereza hiki nimekifundisha miaka tisa, wanaonipa kurasa kama hizi nawahesabu kwa vidole. Unamkingia binti wa dada yako. Yeye ndiye ameandika, akawagawia wenzake, wewe umekuja kujitwisha."

"Kurasa zina miaka minne! Alikuwa bado kwa mama yake!"

"Karatasi kuukuu hapa shuleni zimejaa," alisema mkuu. "Na mashine ya chapa haina kufuli."

Bi Gundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Maisha yake yote yeye ndiye aliyewatazama watu hivi. Hakujua kwamba kutazamwa hivyo kunaumiza mbavu.

"Nipeni karatasi," alisema.

Darubini alimsukumia karatasi na kalamu, haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja hilo. "Fundi saa ameomba bisibisi. Amepewa. Endelea."

"Sasa hivi?"

"Saa sita haijafika."

Tarishi alihamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Bi Gundi aliinama. Mwanzoni kalamu ilikataa, herufi tatu zikatoka zimepinda. Kisha akasikia kwamba ukuta wa mbao upo palepale kichwani mwake, na miaka yote ya kusikiliza iko nyuma yake. Aliandika kwamba mama alimshika mwanawe mkono kabla bisibisi haijagusa saa. Usiitengeneze, mama alisema. Ikianza kutembea, asubuhi nitaamkia nini? Fundi saa akabaki na bisibisi hewani. Ndipo kwa mara ya kwanza akamwona mama yake amezeeka.

Ilikuwa nusu ukurasa. Darubini aliichukua ikiwa haijakauka wino, akaisoma ikimgusa pua. Mkono wake wenyewe ulitafuta kalamu nyekundu, ukapigia mstari kosa moja, halafu la pili. Kisha ukasimama.

"Ni yeye," alimwambia mkuu.

"Una hakika?"

"Huyu mama ni yuleyule wa kwenye zile kurasa. Mtoto hajui habari za mama wa namna hii."

Mkuu alikung'uta unga kwenye orodha, akaitia bahasha pamoja na majina yake yote ishirini na matatu, akampa tarishi. "Kimbia." Kisha akanyoosha kiganja juu ya meza bila kumtazama mtu. "Funguo."

Bi Gundi alizifungua kiunoni. Zilikuwa mbili tu, ya mlango na ya kabati, lakini kiuno kilibaki kimepungukiwa.

"Jumatatu utarudi kwenye usafi mpaka bodi ikae. Na hizo kurasa zitatolewa. Darasa litaandika insha upya, Mwalimu atawasomea mwisho wa kweli."

"Zitolewe kwa wembe, Mkuu. Zikivutwa, kipande kizima kitaachia."

"Utatoa mwenyewe."

Kwenye baraza Darubini alimfikia. Alikuwa na ile nakala yake nzima mkononi, na ilionekana hajaamua kama anaitoa au anaipitisha tu.

"Hujawahi kuusoma mwisho wenyewe."

"Hapana."

"Chukua. Jumatatu unirudishie." Akaiachia, kisha akaongeza, "Kurasa zake nimezihesabu."

Nyumbani binti wa dada yake alikuwa ameshasikia yote, shule nzima ilishasikia. Hakumkumbatia, hawakuwa watu wa kukumbatiana. Alimwekea maji ya kuoga, akasimama mlangoni akifuta mikono iliyokuwa mikavu.

"Wewe ndiye uliyegeuza daftari langu," alisema Bi Gundi.

"Nilikwenda kuangalia kama niliota."

"Na kwenye barua hukuliandika hilo."

"Mwalimu alisema hoja zisizidi tatu."

Bi Gundi alimkazia macho, lile jicho lake la vitabu visafi. Msichana naye akamkazia. Wa kwanza kutazama pembeni alikuwa Bi Gundi.

Jumamosi mchana aliketi kwenye kizingiti penye mwanga, akasoma kurasa ambazo hazikumfikia tangu akiwa kidato cha pili. Fundi saa harudi kwao. Anamwandikia mama yake barua ndefu, anaikunja mara nne, anaitia ndani ya saa ya mteja, anafunga kimlango chake na kuiweka dirishani isubiri mwenyewe. Halafu anaanza kazi kwenye saa nyingine. Nukta. Nyuma yake ukurasa mweupe.

Alirudia. Ulikuwa uleule. Akafunua ule mweupe, akautazama dhidi ya mwanga. Akakipindua kitabu, akaupanua mgongo wake kidogo kwa vidole gumba, akahesabu mafungu ya kurasa yaliyoshonwa, akapitisha ukucha kwenye kila uzi kuona kama upo uliokatwa.

"Mama mdogo," aliuliza binti kutoka ndani, "kimeisha?"

"Kinasema kimeisha," alijibu, akaanza kuhesabu upya toka mwanzo.